Mwaka wa kwanza wa mtoto na gitaa: mwongozo kamili kwa mzazi, hata kama mtoto hatakuja kuwa mwanamuziki

Watoto wengi wanaoanzishwa gitaa huliacha kabla hawajafika mbali. Nalisema mapema, maana mzazi anayelijua hilo hupanga mambo yake tofauti na yule anayedhani amempatia mwanawe njia ya kutokea kimaisha. Mimi nilipiga gitaa utotoni, nikaliacha nilipoingia sekondari, na leo nafanya kazi isiyohusiana na muziki hata kidogo. Lakini nikipewa kazi ngumu nisiyoijua, naishughulikia vilevile nilivyozoea kwenye gitaa: naikata vipande, natafuta pale panaponishinda, nakaa hapo taratibu mpaka panalegea. Jioni nawafundisha watoto wachache wa mtaani kwetu, na naona tabia hiyo ikiwaingia nao.

Gitaa ni mwalimu mzuri kwa sababu linajibu papo hapo. Mtoto akibonyeza vibaya, uzi unakoroma. Akibonyeza vizuri, unaimba. Darasani kosa lake huwekewa alama nyekundu na mtu mwingine, pengine siku kadhaa baadaye na mbele ya wenzake. Hapa analisikia mwenyewe, anasogeza kidole, limekwisha. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo: mtoto apate nafasi ya kusikia kosa lake na kulirekebisha bila kuona aibu. Mzazi anaandaa mazingira, kisha anajizuia.

Hatua ya 1: Tafuta gitaa linalomtosha

Magitaa ya watoto huuzwa kwa vipimo vya robo, nusu na robo tatu, kisha ndipo linakuja gitaa kamili la mtu mzima. Kwa makadirio, mtoto wa miaka 6 hadi 8 hutoshwa na nusu, wa 8 hadi 11 robo tatu, na kuanzia 12 wengi hulimudu gitaa kamili. Umri usikutawale sana. Mkalishe mtoto dukani, gitaa juu ya paja, mkono wa kushoto ufike mwisho wa shingo kule kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Kiwiko kikinyooka kabisa, au bega la kulia likipanda hadi sikioni, gitaa ni kubwa. Mtoto anayepambana na ukubwa wa gitaa hudhani hawezi muziki, na hapo unakuwa umempoteza kabla hajaanza.

Kwa mtoto chukua gitaa la nyuzi za nailoni. Nyuzi za chuma hukata vidole vichanga, na katika ukanda wa pwani hushika kutu upesi. Usikubali kabisa muuzaji akufungie nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nailoni: mvutano wake ni mkubwa zaidi, na baada ya muda hupinda shingo au kung'oa kile kibao cha chini kinachoshikilia nyuzi.

Kabla ya kulipa, fanya mambo matatu. Kwanza, inua gitaa usawa wa jicho uchungulie shingo kwa urefu wake, kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Isiwe imepinda wala kujisokota. Pili, angalia umbali kati ya nyuzi na shingo pale kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya mlalo vilivyopachikwa shingoni). Kwenye uzi mnene umbali usizidi sana milimita 4. Nyuzi zikiwa juu kuliko hapo, mtoto atabonyeza kwa nguvu zake zote na bado sauti haitatoka. Tatu, na hili wauzaji wengi hawalitarajii: piga uzi mmoja ukiwa wazi, kisha ubonyeze nyuma ya freti ya 12 na uupige tena. Freti hiyo iko katikati kabisa ya uzi, kwa hiyo sauti ya pili inapaswa kuwa ileile ya kwanza, ila ya juu. Kama ni do, uwe umefika do ya juu. Ikitofautiana waziwazi, achana na gitaa hilo hata kama linang'aa, kwa sababu hakuna kutyuni (kukaza au kulegeza nyuzi hadi sauti zikae sawa) kutakakoliponya.

Na kama fedha haipo? Tengenezeni. Watoto wa Afrika Mashariki na Kongo wamepiga magitaa ya galoni na makopo kwa vizazi. Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuja kuongoza bendi ya OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, alianzia kwenye gitaa alilojitengenezea mwenyewe utotoni kwa kopo na nyaya za umeme zilizochunwa. Alilipiga sokoni Leopoldville (Kinshasa ya leo), kwenye meza ya mama yake aliyekuwa akiuza maandazi, na wateja wakavutika kusogea. Baadaye mpigaji aliyeitwa Paul Ebengo Dewayon akamfundisha kwenye gitaa halisi.

Gitaa la galoni linataka galoni ya mafuta ya lita 5 iliyooshwa vizuri, ubao mwembamba wa shingo, misumari au vijiti vya kukazia, kijiti cha kuinulia nyuzi juu ya galoni, na mshipi wa kuvulia wa unene tofauti. Mwache mtoto agundue mwenyewe kwamba uzi ukikazwa sauti inapanda, ukinenepa inashuka, na ukibonyezwa katikati inaruka hadi sauti ileile ya juu. Hata kama una fedha ya gitaa la dukani, ningekushauri mtengeneze hili kwanza Jumamosi moja. Atakayelishika gitaa halisi baadaye atakuwa anajua kinachoendelea ndani yake.

Hatua ya 2: Liweke linapoonekana

Gitaa likikaa ndani ya mfuko juu ya kabati, halitapigwa. Liweke sebuleni, kwenye msumari imara ukutani au kwenye kistendi, mahali mtoto anapopita. Mbali na jua la dirishani, mbali na jiko. Mtu akimaliza kupiga afute nyuzi na shingo kwa kitambaa kikavu. Basi.

Hatua ya 3: Kutyuni, kila siku, kwa sikio

Gitaa lina nyuzi sita. Huhesabiwa kuanzia ule mwembamba ulio chini karibu na goti, huo ni wa kwanza, hadi mnene ulio juu, huo ni wa sita. Ukianzia kwenye mnene, sauti zake ni E, A, D, G, B, E. Programu za bure za simu zitakuonyesha kama uzi umepanda au umeshuka, na wiki ya kwanza zitumieni bila wasiwasi.

Kuanzia wiki ya pili, tumieni simu kwa uzi wa sita tu, tano zilizobaki mtoto azitafute kwa sikio. Anabonyeza uzi wa sita kwenye nafasi ya tano (nafasi ni pengo lililo nyuma ya freti, huhesabiwa kuanzia kwenye vigingi), na sauti anayoipata ndiyo uzi wa tano unavyotakiwa kulia ukiwa wazi. Nafasi ya tano ya uzi wa tano inampa uzi wa nne. Nafasi ya tano ya uzi wa nne inampa wa tatu. Kutoka wa tatu kwenda wa pili mambo yanabadilika, anabonyeza nafasi ya nne. Kisha nafasi ya tano ya uzi wa pili inampa wa kwanza.

Mwambie apige nyuzi zote mbili kwa pamoja na asikilize. Zikiwa karibu kufanana lakini bado, sauti hutetemeka: wa-wa-wa-wa. Akizungusha kigingi polepole kuelekea upande sahihi, mtetemo unapungua kasi, waa… waa… waaa, mpaka unatoweka na sauti mbili zinakuwa moja. Akielekea upande usio sahihi, mtetemo unaongezeka kasi. Nimeona mtoto mtundu asiyetulia dakika mbili akiinamisha kichwa juu ya gitaa, macho kayafumba, akiufuata mtetemo ule hadi mwisho. Hakuna aliyemwambia atulie.

Kuna kanuni moja hapa: asikilize kwanza, aseme kama uzi uko juu au chini, ndipo aguse kigingi. Watoto hukimbilia kuzungusha. Ukimzoeza kuutambua mwelekeo wa kosa kabla ya kunyoosha mkono, umempa kitu atakachokitumia kwenye hesabu, kwenye ugomvi na rafiki, na siku moja kazini. Na uso wake uwe mbali na nyuzi anapokaza, kwani uzi mwembamba ukikatika unaruka.

Hatua ya 4: Wiki za maumivu

Ncha za vidole vya mkono wa kushoto zitauma. Ni wiki mbili hadi nne, kisha ngozi inakomaa na maumivu yanaisha. Mweleze mtoto jambo hili siku ya kwanza, kwa ukweli wote, ili lisije kumshtua. Mtoto aliyeambiwa "hutasikia chochote" akaumia, hujiona ana kasoro.

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono, kiwiko au bega si ya kawaida: simamisha, rekebisha ukaaji wake. Mara nyingi anabonyeza kwa nguvu kuliko inavyohitajika, au anabonyeza katikati ya nafasi. Kidole kikae karibu kabisa na freti iliyo upande wa tundu la gitaa, kwa nyuma yake tu. Mwache ajaribu: abonyeze mbali na freti uzi ukorome, kisha asogeze kidole kidogokidogo kuikaribia hadi sauti isafike, bila kuongeza nguvu. Akiisha kuona kwamba kidole kilichokaa mahali pake hakihitaji kukandamiza, atajitafutia mahali hapo kwenye kila uzi.

Hatua ya 5: Kodi mbili tu

Kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Vitabu vingi hummwagia mtoto kodi kumi ukurasa mmoja. Mimi naanza na mbili, Am na E, kwa sababu maalumu.

Hesabu vidole hivi: cha shahada ni 1, cha kati 2, cha pete 3. Kwa Am, kidole cha 1 kinabonyeza uzi wa pili kwenye nafasi ya kwanza, cha 2 uzi wa nne nafasi ya pili, cha 3 uzi wa tatu nafasi ya pili. Kwa E, umbo ni hilohilo, ila vidole vyote vitatu vinahama uzi mmoja kwenda juu, upande wa nyuzi nene: cha 1 uzi wa tatu nafasi ya kwanza, cha 2 uzi wa tano nafasi ya pili, cha 3 uzi wa nne nafasi ya pili. Mtoto anajifunza umbo moja na kupata kodi mbili.

Sasa weka simu ihesabu dakika moja. Ahame kutoka Am kwenda E na kurudi, na ahesabu mara ngapi amehama huku kodi ikitoka safi. Zinazokoroma hazihesabiwi. Mwamuzi ni yeye, usimsahihishe hata ukisikia amejipendelea, atajirudi mwenyewe baada ya siku chache. Aandike idadi kwenye daftari pamoja na tarehe. Akianza na 6, wiki inayofuata atakuwa na 11 au 15, na ataona kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba kilichomshinda Jumatatu kimewezekana. Daftari hilo lina nguvu kuliko sifa zako zote. Nawaomba wazazi waache kusema "una kipaji", kwa sababu siku mambo yatakapogoma mtoto atahitimisha kwamba kipaji kimeisha. Muulize badala yake: "Leo ni wapi palikusumbua? Umefanyaje?"

Zikishazoeleka, ongeza A na D. Kwa kodi za A, D na E mtoto anaweza kusindikiza pambio nyingi za kanisani na nyimbo nyingi za shule. F muiache kwanza. Inamtaka abonyeze nyuzi kadhaa kwa kidole kimoja, na imewakatisha tamaa wengi walioikimbilia mwezi wa kwanza.

Hatua ya 6: Dakika kumi na tano

Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Zifungeni kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kwa mfano baada ya kuoga jioni kabla ya chakula. Mpangilio ninaoutumia: kutyuni kwanza, kisha dakika tano za kipande kigumu, dakika tano za wimbo, na zinazobaki ni zake, achezee gitaa atakavyo. Hizo za mwisho usiziguse. Humo ndimo watoto hutunga.

Dakika tano za kipande kigumu zinataka maelezo. Mtoto akikosea katikati ya wimbo, kwa kawaida hurudi mwanzo na kuanza upya kwa kasi. Matokeo yake mwanzo unakuwa mzuri mno na pale katikati panabaki palepale, kwa kuwa hapafanyiwi kazi. Mfundishe kuweka alama ya penseli pale hasa alipojikwaa, achukue sauti mbili za kabla na mbili za baada, apige hizo tu, polepole mno, mara tano bila kosa. Kisha aongeze kasi kidogo. Kisha akirudishe kipande ndani ya wimbo. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunionyesha daftari lake la hesabu: amezungushia penseli mstari mmoja tu wa swali refu, kando ameandika "hapa". Sikuwa nimemfundisha hesabu.

Hatua ya 7: Mapigo kabla ya vidole

Kila wimbo uanze kwa makofi. Mtoto aimbe huku anapiga makofi, akanyage kwa mguu, ndipo achukue gitaa. Kwa mkono wa kulia aanze kwa kushuka tu, moja-mbili-tatu-nne, kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde. Saa ya ukutani inatosha. Mkono wa kulia ukishashika mapigo, wa kushoto hujifunza kufuata.

Hatua ya 8: Kuna kufanya mazoezi na kuna kupiga

Wazazi wengi hawatenganishi mambo haya mawili, na walimu wengine pia. Mtoto akifanya mazoezi, kosa ni la kusimamishia: anasimama, analitazama, analitengeneza. Akipiga mbele ya watu, kosa ni la kupita: mkono wa kulia hausimami kwa lolote, mapigo yanaendelea, na anaingia tena kwenye kodi inayofuata. Ni stadi mbili tofauti na zote zinahitaji kufundishwa. Anayejua kusimama tu hukwama jukwaani na kulia. Anayejua kupita tu hukua na makosa yaleyale miaka yote.

Kabla hajaanza, mtoto atamke: "Sasa nafanya mazoezi," au "Sasa napiga." Kwa zoezi la kupiga, kaeni wawili au watatu mbele yake. Apige wimbo mzima. Akikosea, asikunje uso, asiombe radhi, asiseme "ngoja nirudie". Nanyi msicheke, msitazamane. Mwisho mpigieni makofi, kisha nyamazeni, mwache aseme mwenyewe nini kilitokea. Mtoto anayejua kwamba siku ya mtihani ni siku ya kupiga, na wiki za kabla yake ni za mazoezi, huingia chumba cha mtihani akiwa ametulia. Hili ndilo ninalotamani kila mtoto alipate hata kama hatapiga wimbo wa pili.

Hatua ya 9: Apige na wenzake

Kufikia mwezi wa nne au wa tano, mtafutie watu wa kupiga nao. Mwalimu wa kwaya ni hazina iliyo karibu. Kwaya nyingi za kwetu husoma nota za d r m f s l t, na mtoto akikaa mazoezini mara chache ataanza kuzisoma kisha kuzitafuta kwenye nyuzi. Pale yupo mpigaji mkubwa atakayemwambia "punguza sauti, msikilize anayeimba", na neno hilo likitoka kwake lina uzito kuliko likitoka kwako. Kenya kuna matamasha ya muziki ya shule kila mwaka. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu mwaka 1944, na Bagamoyo ipo taasisi ya sanaa ya TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Kama mko karibu, mpelekeni akaone onyesho hata kama hatasoma hapo. Huenda akaipenda marimba au udi kuliko gitaa. Mruhusuni ahame.

Hatua ya 10: Kukwama, na kuacha kwa utaratibu

Karibu kila mtoto hukwama mwezi wa tatu hivi. Ugeni wa gitaa umeisha, na wimbo anaoutamani bado uko mbali. Idadi kwenye daftari inasimama wiki mbili au tatu. Punguzeni mzigo: wimbo mwepesi kuliko uwezo wake, dakika 10 badala ya 15, na mara moja kwa wiki asipige kabisa, mketi tu kusikiliza gitaa kwenye nyimbo za zamani. Muulize lipi ni la ridhimu (linaloshika mapigo), lipi la solo (linaloongoza wimbo), lipi la besi (lenye sauti nzito).

Kuhusu kuacha, mkubaliane siku ya kwanza kabla gitaa halijafika nyumbani. Makubaliano ninayoyapendekeza yana sehemu tatu: tutafika mwisho wa muhula wa pili, uamuzi wa kuacha hautafanywa siku ya hasira, na anayeacha humaliza kwanza wimbo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuupiga mbele ya familia. Akitimiza hayo akasema hataki tena, mkubalie bila kumkumbusha gharama. Kumlazimisha baada ya hapo kunaharibu kila alichokijenga, maana atakumbuka ugomvi badala ya nyuzi.

Gitaa lenyewe, kama mdogo wake halitaki, linaweza kwenda kwa mtoto wa ndugu au kwenye klabu ya muziki ya shule. Mkiamua kulitunza, legezeni nyuzi kidogo bila kuziondoa, lifuteni, litieni kwenye mfuko, na mlihifadhi ndani ya chumba, si darini chini ya mabati ambako joto huachanisha gundi. Daftari liwekeni humohumo mfukoni. Akilirudia akiwa na miaka 15 au 25, anunue seti mpya ya nyuzi za nailoni, abadilishe uzi mmoja mmoja, azikaze taratibu kwa siku mbili tatu kwa kuwa nyuzi mpya hujivuta, kisha aanze na Am kwenda E, dakika moja, akihesabu.